Jinsi ya kusoma makundi ya jedwali la elementi bila kukariri kila elementi: mwongozo kamili

Wadogo zangu mnaosoma kemia, na wazazi mnaokaa na watoto usiku kwenye kazi za shule, hii nimeiandika ndefu makusudi kwa sababu naona watu wanateseka bure na jedwali la elementi. Mtu anakariri elementi 20 za kwanza, anajua namba zake, anajua mpaka masi, halafu swali linakuja "rubidiamu ikiwekwa kwenye maji itatokea nini" anabaki anaangalia dari, maana rubidiamu haimo kwenye zile 20 zake. Na jibu lipo pale pale kwenye jedwali analoliangalia mwaka mzima. Lile jedwali limepangwa vile ili ukiijua elementi moja vizuri uweze kuzisema zile zilizo juu yake na chini yake hata kama hujawahi kuzisikia, hicho ndio kitu nataka ukishike, vingine vyote vinatoka humo.

Tafuta jedwali kamili (sio la elementi 20 tu), daftari na penseli. Mbele kuna hatua ya kufanya jikoni, hiyo itataka magadi, majivu ya kuni, maganda ya mayai, ndimu na rozela kavu kidogo.

Hatua ya 1: jua kundi ni safu ipi

Jedwali la sasa lina elementi 118. Mistari inayolala ni 7, hiyo inaitwa piriodi. Safu zinazosimama ni 18, hayo ndio makundi. Ukisoma kwa kulala unaona tabia zinabadilika kutoka metali kwenda zisizo metali, ukisoma kwa kushuka unaona tabia zinafanana. Kwa hiyo ukiulizwa kufanana, shuka.

Kitu kinachochanganya wengi ni namba. Vitabu vingi vya shule vinaandika kundi I mpaka VIII (vingine VIII vinaiandika 0), vinaruka lile bonde la metali za katikati kama chuma na shaba. Majedwali mapya yanahesabu 1 mpaka 18 bila kuruka. Ukikuta 13 mpaka 18 toa 10 tu, 17 ndio VII, 14 ndio IV, na 18 ndio VIII. Mimi hapa natumia za shule.

Hatua ya 2: panga elektroni mwenyewe kwa mkono

Hii usiiruke hata kama unaona unaijua. Chukua namba ya atomu, hiyo ndio idadi ya elektroni, anza kuzigawa kwenye sheli (tabaka za elektroni zinazozunguka kiini cha atomu): ya kwanza inabeba 2, ya pili 8, ya tatu kwa elementi hizi 20 za mwanzo utaijaza 8 halafu unaenda ya nne. Andika zikiwa zimepangana hivi:

Lithiamu (3): 2,1
Sodiamu (11): 2,8,1
Potasiamu (19): 2,8,8,1

Halafu hizi:

Florini (9): 2,7
Klorini (17): 2,8,7

Umeona namba ya mwisho? Zote za kwanza zinaishia na 1, zote za pili zinaishia na 7, na hiyo namba ya mwisho ndio namba ya kundi. Sababu yake ni kwamba atomu mbili zikikutana kinachogusana ni sheli za nje, kiini kipo ndani huko kimefunikwa hakishiriki kwenye mchezo wa kutoa na kupokea elektroni, kwa hiyo atomu zenye idadi sawa ya elektroni kwenye sheli ya nje zinajikuta zinafanya biashara ile ile. Sodiamu ina protoni 11 na potasiamu ina 19, tofauti kubwa tu, lakini kwa nje zote zina elektroni moja ya kutoa.

Hapa lazima nimtaje Dmitri Mendeleev, yule Mrusi aliyechapisha jedwali lake mwaka 1869, maana alifanya kazi hii bila kujua chochote kuhusu elektroni. Elektroni yenyewe J.J. Thomson aliigundua 1897. Mendeleev alikuwa anaangalia masi na tabia tu, na pale alipoona tabia inadai elementi ambayo haipo aliacha nafasi wazi na akaandika itakuwaje ikipatikana. Galiamu ikapatikana 1875, aliyeigundua, Mfaransa Lecoq de Boisbaudran, akapima densiti akapata 4.7, Mendeleev akasema hapana pima tena inatakiwa iwe karibu 5.9, ikapimwa upya ikawa 5.9. Fikiria hilo, mtu hajawahi kuishika ile metali anamrekebisha aliyeishika, kwa nguvu ya kundi tu. Germaniamu nayo ikaja 1886 ikakaa kwenye nafasi iliyokuwa inaisubiri chini ya silikoni.

Na kuna ayodini na teluriamu. Teluriamu ina masi 127.6, ayodini 126.9, kwa masi ayodini ilitakiwa itangulie, lakini tabia yake ni ya klorini na bromini kabisa, kwa hiyo Mendeleev akaiweka kwenye kundi lao hata kama masi inakataa. Sababu ikaja kueleweka 1913 Henry Moseley alipoonyesha kwamba kinachopanga elementi ni namba ya atomu, yaani protoni, na ayodini ni 53 wakati teluriamu ni 52. Tabia ilikuwa sahihi muda wote.

Hatua ya 3: kutoka namba ya mwisho mpaka fomula

Atomu zinapenda sheli ya nje ijae, kwa nyingi hiyo ni 8. Kwa hiyo jiulize, njia fupi ni kutoa au kupokea? Mwenye 1, 2 au 3 anatoa. Mwenye 5, 6 au 7 anapokea zinazopungua (3, 2, 1) au anashirikiana. Mwenye 4 yuko katikati, huyo anashirikiana. Mwenye 8 ametulia. Ile idadi ya kutoa au kupokea ndio valensi.

Ukishapata valensi ya kundi, fomula moja inakupa fomula za kundi zima. Sodiamu na klorini ni NaCl, basi LiCl, KCl, RbCl, NaBr, KI zote unaandika bila kukariri. Magneziamu na klorini ni MgCl2, basi CaCl2, SrCl2, BaCl2. Oksidi ya sodiamu ni Na2O, ya potasiamu K2O. Oksidi ya kalsiamu ni CaO, ya bariamu BaO. Kaa na hatua hii nusu saa, andika kloridi, oksidi, hidroksidi na kabonati za kundi I na II zote kwenye jedwali la mistari, utashangaa ni ukurasa mmoja tu na ulikuwa unaona kama milima.

Hatua ya 4: ijue elementi moja ya kila kundi kwa undani

Usijifunze tano juujuu. Chagua moja. Mimi nashauri sodiamu kwa kundi I, kalsiamu kwa II, klorini kwa VII na agoni kwa VIII.

Tuichukue sodiamu. Ni metali lakini laini, unaikata kwa kisu, sehemu iliyokatwa inang'aa halafu baada ya muda mfupi inafifia kwa sababu inashikana na oksijeni na unyevu wa hewani. Ndio maana maabara inahifadhiwa ndani ya mafuta ya taa. Kipande kidogo kikiwekwa kwenye maji kinaelea (densiti yake 0.97), kinayeyuka kinakuwa duara, kinakimbia huku na huku kinatoa haidrojeni, na maji yanayobaki yanageuza karatasi nyekundu ya litmasi kuwa bluu, dalili ya alkali (kinyume cha asidi):

2Na + 2H2O → 2NaOH + H2

Sasa toa Na weka Li, mlinganyo unasimama. Weka K, unasimama. Weka Rb au Cs, unasimama vile vile. Zote laini, zote zinahifadhiwa mbali na hewa na maji, zote zinatoa haidrojeni, zote zinaacha alkali. Kinachobadilika ni kasi na ukali tu, ambayo ndio hatua inayofuata. Na tafadhali metali hizi ni za maabara na mwalimu, na hata yeye anatumia kipande kidogo sana nyuma ya kioo cha kinga, usijaribu kuzitafuta ukafanyie nyumbani.

Hatua ya 5: jua mwelekeo wa kushuka

Hapa ndipo watu wanapoachia maksi. Kufanana haimaanishi kulingana. Ukishuka kundi, kila elementi inaongeza sheli moja, elektroni ya nje inakaa mbali zaidi na kiini na katikati kuna elektroni nyingine zinazokinga mvuto. Maana yake ni mbili na lazima uziseme zote mbili:

Kwa wanaotoa elektroni (kundi I, II), kushuka kunarahisisha kutoa. Kwa hiyo ukali unaongezeka. Lithiamu inatoa mapovu polepole kwenye maji, sodiamu inakimbia, potasiamu haidrojeni yake inawaka na mwali wa zambarau hafifu, rubidiamu inalipuka, sesiamu ndio kabisa inaweza kupasua chombo. Namba za nishati ya kung'oa elektroni ya kwanza zinasema hivyo hivyo: lithiamu 520, sodiamu 496, potasiamu 419, rubidiamu 403, sesiamu 376, zote kwa kilojuli kwa moli.

Kwa wanaopokea (kundi VII), kushuka kunafanya kupokea kuwe kugumu, maana kiini kinavuta kutoka mbali. Kwa hiyo ukali unapungua. Florini ndio kali kuliko zote, ayodini imepoa.

Yaani sababu ni ile ile moja, umbali, lakini inatoa majibu yaliyo kinyume kwa sababu kazi ni tofauti. Ukilielewa hilo hutachanganya tena.

Tabia za kuonekana nazo zina mwelekeo. Joto la kuyeyuka kundi I: lithiamu nyuzi 181, sodiamu 98, potasiamu kama 63, rubidiamu 39, sesiamu 28 na nusu. Yaani sesiamu ndani ya chupa yake, mchana wa Dar es Salaam mwezi wa pili, ni kimiminika. Ila angalia, sio kila namba inashuka kwa mstari ulionyooka, densiti ya potasiamu ni 0.86, ndogo kuliko ya sodiamu, kwa hiyo mwelekeo utumie kukadiria, usiapie.

Ukadiriaji wenyewe unafanyika hivi. Umepewa joto la kuchemka la klorini ni −34 na la ayodini ni 184, unaulizwa bromini ipo wapi. Chukua wastani, unapata 75. Ya kweli ni 59. Haujalenga katikati kabisa lakini umeshajua kwamba kwenye joto la kawaida la chumba itakuwa kimiminika, na kweli ni kimiminika. Johann Döbereiner wa Ujerumani alishaona mchezo huu 1829 kwenye masi: lithiamu 7, potasiamu 39, wastani 23, na 23 ndio sodiamu.

Hatua ya 6: ithibitishe jikoni

Hii ndio sehemu naipenda kuliko zote. Kwetu tunapika na magadi, na sehemu nyingine wanatumia maji ya majivu kulainisha mboga na maharage. Magadi ni kabonati na baikabonati ya sodiamu, yanatoka kwenye maziwa ya Bonde la Ufa, Ziwa Magadi Kenya yamechimbwa kibiashara zaidi ya miaka 100, na Natron upande wa Tanzania ni maji ya aina hiyo hiyo. Majivu ya kuni yana kabonati ya potasiamu. Sodiamu na potasiamu, kundi moja, na bibi zetu walishajua kwamba ukikosa hii unaweka ile na chungu hakioni tofauti kubwa.

Fanya hivi. Chukua majivu meupe ya kuni safi, ambayo hayajachomewa plastiki wala takataka, weka kwenye kopo, mwagia maji ya moto, koroga, acha usiku mzima. Asubuhi chuja kwa kitambaa kizito mpaka upate maji maangavu. Maji hayo yanawasha ngozi na ni hatari kwa macho, kwa hiyo usiyashike ovyo na watoto wasifanye peke yao. Yale masimbi yaliyobaki kwenye kitambaa yaoshe kwa maji mara kadhaa uyaweke pembeni, tutayahitaji. Kwenye glasi ya pili yeyusha kijiko cha magadi. Kwenye ya tatu weka maganda ya mayai yaliyosagwa pamoja na maji, hayo karibu yote ni kabonati ya kalsiamu, kundi II.

Loweka rozela kavu upate maji mekundu. Dondoshea matone machache kwenye maji ya magadi, wekundu unapotea unaenda kwenye kijani au bluu ya kijivu. Dondoshea kwenye maji ya majivu, hivyo hivyo. Kundi I limekupa alkali mara mbili kutoka sehemu mbili tofauti kabisa, moja ziwani moja kwenye mti. Kwenye maji yaliyo juu ya maganda ya mayai hautaona mabadiliko kama hayo, kwa sababu kabonati ya kalsiamu haiyeyuki kwenye maji kiasi cha maana.

Sasa kamulia ndimu kwenye kila moja. Magadi yanatoa povu. Maji ya majivu yanatoa mapovu pia (kama ni mepesi sana yachemshe kwanza yapungue, yapoe, ndio ukamulie). Maganda nayo yanatoa mapovu taratibu. Zote ni kabonati na kabonati ikikutana na asidi inatoa kaboni dayoksaidi, haijali imeshikana na metali gani. Kwa hiyo umeona vitu viwili kwa mpigo: kinachofanana kinatokana na kabonati, kinachotofautiana (kuyeyuka au kutoyeyuka) kinatokana na kundi la metali.

Halafu rudi kwenye yale masimbi ya majivu uliyoyaosha. Yakamulie ndimu. Yanatoka mapovu! Kwa sababu majivu yana kabonati ya kalsiamu nyingi pia, ila hiyo haikuyeyuka ikabaki kwenye kitambaa. Kitambaa chako kimetenganisha kundi I na kundi II, hivyo tu, bila mashine yoyote.

Na kwa nini maharage yanalainika? Sehemu kubwa ni alkali yenyewe inayovunjavunja gundi inayoshika seli za punje, pektini. Lakini kuna na hili la makundi: ayoni (atomu iliyokwisha kutoa au kupokea elektroni) ya kalsiamu ina chaji mbili kwa hiyo inaweza kushika nyuzi mbili za pektini kwa pamoja, ayoni ya sodiamu au potasiamu ina chaji moja haiwezi kuunganisha hivyo, kwa hiyo ikichukua nafasi ya kalsiamu punje inalegea. Ndio maana maji magumu, yenye kalsiamu na magneziamu nyingi, yanachelewesha maharage kuiva na yanakataa povu la sabuni. (Magadi yakizidi yanaua vitamini B1 kwenye chakula, kwa hiyo kidogo tu.)

Usiongeze dawa ya kufulia yenye klorini kwenye jaribio hili hata tone. Dawa hiyo ikikutana na ndimu au siki inatoa gesi ya klorini, na ile ni sumu ya mapafu.

Hatua ya 7: pita kwenye makundi mengine ukitumia njia ile ile

Kundi II lina beriliamu, magneziamu, kalsiamu, strontiamu, bariamu. Elektroni mbili za kutoa, kwa hiyo sio wakali kama kundi I lakini mwelekeo ni ule ule. Magneziamu kwenye maji baridi inasuasua sana, kalsiamu inatoa mapovu vizuri na kuacha maji meupe. Chokaa ya majengo ya zamani ya Lamu na Kilwa ni kemia ya kundi hili: matumbawe, ambayo ni kabonati ya kalsiamu, yanachomwa mpaka kaboni dayoksaidi inatoka inabaki CaO, ukiimwagia maji inachemka kwa joto lake yenyewe inakuwa Ca(OH)2, halafu ikiwa ukutani inavuta kaboni dayoksaidi ya hewani inarudi kuwa jiwe. Maji maangavu ya chokaa ukipulizia pumzi kwa mrija yanakuwa maziwa kwa sababu hiyo hiyo.

Kufanana huku ndani ya kundi kuna uzito hata hospitali. Mwili hauna macho ya kuona jina la elementi, unaona chaji na ukubwa wa ayoni. Strontiamu-90 yenye mionzi ikiingia mwilini inaenda kukaa kwenye mifupa kwa sababu inafanana na kalsiamu. Sesiamu-137, ile iliyosambaa baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl mwaka 1986, inasambaa kwenye misuli kwa sababu mwili unaidhania potasiamu. Kundi II, kundi I. Na bariamu ni sumu ikiwa imeyeyuka, lakini salfeti za kundi II zinazidi kukataa kuyeyuka kadiri unavyoshuka, kwa hiyo salfeti ya bariamu mgonjwa anaweza kuinywa kabla ya eksirei ya tumbo na ikatoka kama ilivyoingia.

Kundi VII, halojeni. Florini gesi ya manjano hafifu, klorini gesi ya kijani-manjano, bromini kimiminika cha wekundu wa kahawia, ayodini kitu kigumu cheusi-kijivu ambacho ukikipasha kinatoa mvuke wa zambarau. Rangi inakolea na hali inaenda kuwa ngumu, huo ni mwelekeo. Zote zinatembea mbilimbili (Cl2, Br2, I2), zote zinatengeneza chumvi na sodiamu, zote zinatengeneza asidi na haidrojeni. Jaribio la kukumbuka ni la kunyang'anyana: aliye juu anamfukuza wa chini kwenye chumvi yake.

Cl2 + 2KBr → 2KCl + Br2

Kinyume hakiendi, ukiweka ayodini kwenye KBr hakuna kitu. Na kwa naitreti ya fedha, kloridi inatoa mashapo meupe, bromidi rangi ya krimu, ayodidi manjano.

Hapa tenganisha elementi na ayoni, watu wengi wanaangukia hapo. Klorini gesi ilitumika kama silaha Ypres huko Ubelgiji mwaka 1915, ila kloridi unaila kila siku kwenye chumvi, kwa sababu kloridi imeshapata elektroni yake imetulia. Hivyo hivyo florini na floridi, ingawa floridi nayo ikizidi kwenye maji ya kunywa inaharibu meno, kama ilivyo kwenye maeneo ya kuzunguka Mlima Meru kule Arusha ambako meno ya kahawia ni kitu cha kawaida. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Chumvi yenye madini joto nayo ni kundi hili, ile ni ayodini iliyotiwa kwa umbo la chumvi yake kuzuia uvimbe wa tezi ya shingo.

Kundi VIII fupi: sheli imejaa, hawataki mtu. Agoni ni karibu asilimia 0.93 ya hewa unayovuta na haijawahi kukufanya lolote, na ndio maana mafundi wa kuchomelea aluminiamu wanaitumia kukinga metali ya moto na oksijeni. Heliamu ya Bonde la Rukwa, Tanzania, ilitangazwa 2016. Ila usiandike "hazifanyi kabisa" kwa kundi zima, maana 1962 mwanakemia Neil Bartlett alipata kampaundi ya zenoni, yaani zenoni ikiwa imeshikana na elementi nyingine, na kwa nini zenoni na sio heliamu? Hatua ya 5: iko chini, elektroni zake zipo mbali.

Hatua ya 8: pale njia hii inapoteleza

Haidrojeni imekaa juu ya kundi I lakini ni gesi isiyo metali. Ina elektroni moja ya nje, fomula zake nyingi zinafanana (HCl, NaCl), lakini tabia ya metali usiitegemee. Heliamu ina elektroni 2 tu lakini ipo VIII sio II, kwa sababu sheli ya kwanza inajaa kwa 2.

Makundi ya katikati, hasa IV, yanabadilika sana ukishuka: kaboni sio metali, silikoni na germaniamu zipo nusunusu, bati na risasi ni metali kamili. Kinachobaki ni fomula, CO2, SiO2, SnO2. Lakini CO2 ni gesi na SiO2 ni mchanga wa pwani. Kundi VI nalo: maji ni H2O, ndugu yake H2S ni gesi ya mayai viza, fomula moja tabia mbali, kwa sababu molekuli za maji zinashikana zenyewe kwa zenyewe kwa nguvu. Elementi ya kwanza ya kundi mara nyingi ni ya ajabu kidogo kwa kuwa ni ndogo mno, kwa hiyo ukitabiri tumia ya pili na ya tatu kama msingi.

Na lile bonde la metali za katikati usilipeleke kwa hesabu ya 2,8,8, chuma ina valensi 2 na 3, shaba 1 na 2. Hata hivyo shuka kwenye safu ya 11 uone: shaba, fedha, dhahabu. Zinapitisha umeme vizuri sana, haziungani na vitu ovyo, na dunia nzima ilizifanya sarafu.

Hatua ya 9: jipime

Elementi X ina mpangilio 2,8,6. Fomula yake na haidrojeni? Ipo kundi VI, inahitaji 2, kwa hiyo H2X, kama maji. Na sodiamu ni Na2X.

Strontiamu kwenye maji baridi? Kundi II, chini ya kalsiamu, kwa hiyo inaenda kwa kasi kuliko kalsiamu, inatoa haidrojeni na Sr(OH)2, na hidroksidi hiyo inayeyuka zaidi kuliko ya kalsiamu kwa kuwa kundi hili hidroksidi zinayeyuka zaidi ukishuka.

Rubidiamu na ile ya maji nadhani sasa unaiandika mwenyewe pamoja na mlinganyo.

Ya mwisho ni astatini, namba 85, chini ya ayodini. Ina mionzi na inaoza haraka, isotopu yake inayodumu kuliko zote nusu yake inaisha kwa kama saa 8, kwa hiyo hakuna mwenye kipande cha kukuonyesha. Andika utabiri wako: kigumu, cheusi kuliko ayodini, valensi 1, chumvi yake na sodiamu NaAt, na haidrojeni HAt, na ukiweka ayodini kwenye NaAt, ayodini ndio itakayomfukuza astatini. Ukiandika hayo na ukaeleza kwamba sheli ya nje ina 7 na iko mbali na kiini, maksi zote ni zako.